Biblia Ilikotoka na Jinsi ya Kuiishi: Ushauri kwa Wasomaji wa Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Maswali mawili yasiyokoma

Waumini wa Kyela mjini, Ipinda, Ipyana, Matema na vijiji vya kandokando ya Ziwa Nyasa huwauliza wachungaji, mapadre, wainjilisti na makatekista wao maswali mengi, lakini mawili hayakomi: Biblia ilitoka wapi, na inamsaidia nini mtu siku ya Jumatatu anaporudi kwenye shamba la kakao, jaruba la mpunga au mtumbwi wa kuvulia usipa. Kwa desturi maswali hayo hujibiwa mbalimbali, la kwanza likiachiwa vyuo vya teolojia na la pili likiachiwa mahubiri, na matokeo yake ni kwamba waumini wengi wanaishika Biblia kwa heshima kubwa bila kujua ilivyowafikia, kisha wanatikisika mara wanapokutana na mtu anayedai kwamba ilitungwa na wazungu au ilichakachuliwa na watawala.

Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu namna Biblia ilivyopatikana ndiyo inayofundisha namna ya kuitumia. Kitabu kilichosimuliwa, kuandikwa, kunakiliwa, kukusanywa na kutafsiriwa na watu wengi waliokuwa wakipimana na kusahihishana hakiwezi kusomwa vizuri na mtu mmoja aliyejitenga, wala kwa mstari mmoja ulionyofolewa mahali pake.

Hatua tano ambazo Biblia ilipitia

Msomaji anashauriwa kuzishika hatua hizi tano kwa mpangilio wake, kwa kuwa mashaka mengi huzaliwa pale hatua moja inapochanganywa na nyingine.

1. Kusimuliwa. Sehemu kubwa ya masimulizi ya Israeli na ya maneno ya Yesu ilihifadhiwa kwanza kwa mdomo, katika ibada na mafundisho, kabla ya kuandikwa. Jamii zilizotunza nasaba na historia za koo zao kwa njia hiyo hazina sababu ya kuidharau.
2. Kuandikwa. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, pamoja na sehemu chache za Kiaramu katika vitabu kama Danieli na Ezra, na Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Biblia yenyewe haifichi kazi hiyo: Yeremia 36 inaeleza jinsi Baruku alivyoandika kwa wino maneno aliyotamkiwa na nabii, mfalme akalichoma gombo, nalo likaandikwa upya, na Luka 1:1-4 inaonyesha mwandishi aliyechunguza habari kwa utaratibu kabla ya kuziandika.
3. Kunakiliwa. Kabla ya mashine ya kuchapa, kila nakala iliandikwa kwa mkono, juu ya ngozi au juu ya papiro, yaani karatasi iliyotengenezwa kwa matete ya Mto Nile. Maandiko ya kale hayakuwa na sura wala aya zenye namba. Sura zinazotumika leo hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551.
4. Kukusanywa. Orodha ya vitabu vinavyokubaliwa na kanisa kuwa kipimo cha imani huitwa kanoni. Haikuamuliwa kwa siku moja, bali ilikomaa kadiri makanisa yalivyosoma na kubadilishana maandiko, kama Wakolosai 4:16 inavyodokeza. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama inavyojulikana leo inaonekana katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, na ikathibitishwa na mikutano ya maaskofu huko Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397.
5. Kutafsiriwa. Kazi hii ilianza kabla ya Yesu kuzaliwa, pale Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki katika tafsiri iitwayo Septuaginta, na haijakoma hadi leo.

Biblia ilivyofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katika eneo hili Injili haikupitia njia ya kawaida ya kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, bali iliingia kutoka kusini, kwa mito ya Zambezi na Shire na kwa vyombo vya ziwani. Wamisionari wa Scotland waliingia Ziwa Nyasa mwaka 1875 wakiwa na meli ndogo iliyoitwa Ilala, na mwaka 1891 wakafuata Wajerumani wa makundi mawili: Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, walioanzisha kituo cha Rungwe, na wamisionari wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Baadaye vituo vilishuka hadi bondeni na ufukweni, Ipyana upande wa Wamoravian, na Ikombe na Matema upande wa Misheni ya Berlin, ambayo matunda yake leo yanaonekana katika Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Mwaka huohuo wa 1891 Biblia nzima ilitolewa kwa Kiswahili cha Unguja, ikiwa ni matunda ya kazi iliyoongozwa kwa muda mrefu na Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Agano Jipya katika Kinyakyusa lilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Biblia nzima ya Kinyakyusa ilipatikana katika miaka ya 1990. Kazi hiyo isingewezekana bila wenyeji, kwa sababu mgeni anayejifunza lugha ukubwani hawezi peke yake kujua neno lipi linafaa kanisani na lipi litawachekesha wasikilizaji. Walimu, wainjilisti na wazee wa mahali ndio waliojua.

Mashaka yanayotajwa mara nyingi, na majibu yake

*“Biblia ni kitabu cha wazungu.”* Historia inaonyesha kinyume. Waandishi wake walikuwa watu wa Mashariki ya Kati; Septuaginta ilitafsiriwa Misri; Athanasio alikuwa askofu Misri; Hippo na Karthago ziko Afrika ya Kaskazini; na Wahabeshi walikuwa na Maandiko katika lugha yao ya Kigeezi karne nyingi kabla ya Waingereza kuwa na Biblia nzima ya kuchapwa katika lugha yao. Ni kweli kwamba wamisionari walifika katika zama za ukoloni, na ukweli huo usifichwe, lakini mleta kitabu si mtunzi wake.

*“Mfalme Konstantino aliitunga huko Nikea.”* Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulijadili hasa fundisho kuhusu Mwana wa Mungu, pamoja na tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa, wala haukupanga orodha ya vitabu vya Biblia. Anayedai hivyo aombwe kwa upole kutaja uamuzi wa Nikea uliopanga orodha hiyo, kwa kuwa haumo katika kanuni zilizobaki za mtaguso huo.

*“Nakala zimeharibika.”* Magombo yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalijumuisha gombo zima la Isaya lililozidi kwa takriban miaka 1000 umri wa nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitumika, na maandishi yake yanalingana kwa sehemu kubwa sana na yale ya baadaye, ingawa yapo maneno na tahajia zinazotofautiana. Kwa upande wa Agano Jipya, kipande kidogo cha papiro cha Yohana 18, kilichopatikana Misri, hukadiriwa na wataalamu wengi kuwa cha karne ya 2. Tofauti kati ya nakala zipo na hazifai kukanushwa: Marko 16:9-20 na Yohana 7:53 hadi 8:11, kwa mfano, hazimo katika baadhi ya nakala za kale zaidi, na chapa nyingi za leo huzitenga kwa mabano au maelezo. Msomaji anayelijua jambo hilo mapema hawezi kutishwa nalo.

*“Mbona Wakatoliki wana vitabu vingi zaidi?”* Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na ya Kikatoliki ina 73, kwa sababu Kanisa Katoliki lilishika vitabu saba vya Agano la Kale, kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, vilivyokuwa katika Septuaginta, ilhali Waprotestanti walifuata orodha ya Kiebrania. Vitabu hivyo Wakatoliki huviita deuterokanoni, yaani vya kanoni ya pili, na Waprotestanti huviita apokrifa. Vitabu 27 vya Agano Jipya ni vilevile kwa wote wawili, kwa hiyo ndugu wa familia moja walio katika makanisa tofauti wanaweza kusoma Injili pamoja bila ugomvi wowote.

Kuchagua tafsiri ya kusoma nyumbani

- Tafsiri ya Muungano (Union Version), iliyotoka mwaka 1952, ndiyo inayosikika zaidi katika ibada na ndiyo waumini wengi waliyoikariri, lakini Kiswahili chake huwapa taabu vijana na watu wenye elimu fupi.
- Habari Njema, ya miaka ya 1990, hutumia Kiswahili chepesi, na inafaa kusomwa sambamba na ile ya kwanza pale sentensi inapogoma kueleweka.
- Biblia ya Kinyakyusa isionekane kuwa ya wazee tu; mafungu ya toba, faraja na shukrani huingia ndani zaidi yakisomwa kwa lugha ambayo mtu hulilia msibani.
- Biblia ya simu ni msaada kwa anayesafiri, ila kaya inayoitegemea peke yake hubaki bila Biblia pindi umeme unapokatika au simu inapouzwa.

Kwa kuwa mvua za Kyela ni nyingi na mito kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika, Biblia ya karatasi itunzwe ndani ya mfuko wa nailoni mahali pa juu, na itolewe kupigwa na hewa, maana unyevu wa masika huozesha vitabu haraka.

Ratiba inayoendana na kazi za bondeni na ziwani

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kujiwekea mpango wa kumaliza Biblia yote kwa mwaka, kisha kukata tamaa wanapofika Mambo ya Walawi. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa ajili ya watu wanaochoka kwa kazi za mikono.

1. Kuanza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 na ni fupi kuliko nyingine, kwa nusu sura kila siku.
2. Kuendelea na Mwanzo, Ruthu, Amosi, Luka, Matendo ya Mitume na Yakobo, kabla ya vitabu vigumu kama Ezekieli na Ufunuo.
3. Kusoma kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, kwa kuwa makanisa ya kwanza yaliyapokea maandiko hayo hivyo, na kwa kuwa njia hiyo haimwachi nje asiyejua kusoma.
4. Kumaliza habari nzima badala ya kusimama kwenye namba ya sura au aya, kwa sababu namba hizo, kama ilivyoelezwa, ziliwekwa baadaye na wakati mwingine hukata habari katikati.
5. Kujibu maswali matatu tu baada ya kusoma: habari hii inasema nini, waliosikia kwanza walikuwa katika hali gani, na kaya hii ifanye nini kabla ya jioni ya kesho.

Wavuvi wa usipa, wanaovua kwa taa nyakati za giza, wapange usomaji wa familia katika siku za mbalamwezi wanapokuwa nyumbani, na zile siku za kuwa ziwani wabebe fungu moja fupi moyoni. Kwa wakulima, msimu wa kupanda na kuvuna mpunga uruhusiwe kuwa na usomaji mfupi bila mtu kuhukumiwa. Wamoravian wanao urithi unaofaa hapa: kitabu cha maneno ya kila siku, Losungen, kilichotokana na desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 na kinachochapishwa kila mwaka tangu 1731, hutoa fungu fupi linalotosha hata kwa mtu mwenye dakika chache.

Kulipeleka Neno kwenye mizani, msiba na ugonjwa

Imani inapimwa pale fedha, kifo na hofu vinapoingia. Mambo manne yafuatayo yanastahili uangalifu wa pekee katika eneo hili.

*Biashara ya kakao na mchele.* Kumbukumbu la Torati 25:13-16 na Amosi 8:4-6 yanakataza vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Kwa lugha ya soko la leo, hiyo ni kuchezea mizani, kudai lumbesa, kuchanganya kakao iliyochachushwa vizuri na isiyochachushwa, kuuza mchele wa mahali pengine kwa jina la mchele wa Kyela, na kununua kwa bei ya kutupa kakao ambayo bado iko mtini kwa mzazi aliyebanwa na ada ya shule. Pingamizi la kawaida ni kwamba kila mtu anafanya hivyo na mwaminifu atafilisika. Hasara ya muda mfupi inaweza kutokea kweli, na kanisa lisidanganye kuhusu hilo, lakini ndiyo sababu waumini wafanyao biashara moja wanashauriwa kukubaliana kipimo kimoja kwa pamoja, ili uaminifu usiwe mzigo wa mtu mmoja.

*Msiba na urithi.* Kilio cha Wanyakyusa hukusanya watu wengi na hudumu kwa siku, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa wafiwa, na 1 Wathesalonike 4:13 haikatazi huzuni bali huzuni isiyo na tumaini. Hatari iko katika gharama na katika yanayofuata. Familia ipange mapema ukomo wa matumizi, iweke mtu mmoja wa kuandika michango, na ihakikishe kwamba mjane hanyang'anywi nyumba, shamba wala watoto. Hesabu 27:1-11, inayohusu binti za Selofehadi, na Yakobo 1:27 yasomwe kabla kikao cha ukoo hakijaanza kugawa mali, na shauri likishindikana lipelekwe kwenye baraza la kata au mahakamani.

*Ugonjwa.* Maombi na matibabu havipingani: Isaya 38 inamwonyesha nabii akitoa neno la Mungu na dawa ya tini kwa mgonjwa mmoja, na Wakolosai 4:14 inamtaja Luka kuwa tabibu. Kanisa la Kilutheri linaendesha hospitali Matema kwa imani hiyohiyo. Onyo: mtu yeyote anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au za kisukari, shinikizo la damu au kifafa asiache dozi kwa sababu ameombewa, uamuzi wa kupunguza au kusimamisha dawa ni wa daktari baada ya vipimo, na uponyaji wa kweli hauogopi vipimo.

*Tuhuma za uchawi.* Hofu ya kulogwa ni ya kweli katika vijiji vingi na haitibiki kwa dhihaka. Hata hivyo, amri ya kutoshuhudia uongo na sharti la mashahidi wawili au watatu katika Kumbukumbu la Torati 19:15 yanamzuia Mkristo kumtaja jirani au bibi kizee kwa sababu ya ndoto, au kwa neno la mganga au la mtu anayejiita nabii. Yohana 9:1-3 inakataa haraka ya kutafuta mwenye kosa nyuma ya kila dhiki. Anayetishiwa kwa tuhuma hizo apewe hifadhi, na uongozi wa kijiji na polisi waarifiwe bila kuchelewa.

Makosa ya kuepuka

- Kufungua Biblia popote na kuchukua mstari wa kwanza unaoonekana kuwa jibu la ndoa, safari au kesi.
- Kuiweka chini ya mto au juu ya mlango kama hirizi huku haisomwi.
- Kuchukua ahadi aliyopewa mtu mmoja katika historia na kuifanya hati ya kila anayetoa sadaka kubwa.
- Kununua maji, mafuta au vitambaa vya upako. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi aliyeifuata kwa siri aliadhibiwa (2 Wafalme 5); Petro naye alimkemea Simoni aliyetaka kununua karama (Matendo 8:18-20).
- Kutumia mafungu ya utii kumnyamazisha mke au mtoto anayepigwa. Waefeso 5:25 inamwekea mume kipimo cha kujitoa, na anayejeruhiwa ana haki ya kukimbilia usalama na kutafuta msaada wa sheria.
- Kubishana mitaani kwa lengo la kushinda. 1 Petro 3:15 inaagiza kujibu kwa upole na heshima.

Kuanzisha kundi la kusoma

Kwa kuwa Biblia ilihifadhiwa na jumuiya, kundi dogo ndilo kinga bora dhidi ya tafsiri za ajabu. Watu watano hadi kumi wa mtaa mmoja wanatosha, na utaratibu wake uwe mwepesi:

1. Kukutana mara moja kwa wiki, siku na saa isiyobadilika, kwa muda usiozidi saa moja.
2. Kuwa na walau tafsiri mbili, ikiwemo ya Kinyakyusa ikipatikana, na kulinganisha fungu kabla ya kulijadili.
3. Kumpa kila mtu nafasi ya kuongea, wanawake na vijana wakitangulia, ili wazee wasifunge mjadala mapema.
4. Kuandika maswali yaliyoshindikana na kuyapeleka kwa mchungaji au padre, badala ya kubuni majibu.
5. Kuchagua tendo moja la wiki, kama kumlimia mjane, kurudisha deni au kupatanisha majirani, na kuanza kikao kinachofuata kwa kuulizana kama limefanyika.

Kipengele cha tano ndicho makundi mengi huacha kwanza, na kikiachwa kundi hugeuka kuwa mahali pa maneno tu. Kundi lililochoka lipunguze urefu wa somo, lipunguze hata idadi ya vikao, lakini lisifute tendo la wiki, kwa kuwa jirani asiyesoma Biblia kamwe atayapima maneno ya kundi hilo kwa deni lililorudishwa na kwa mjane aliyebaki na shamba lake.